Mtungi Mmoja, Watu Wawili

Ng'ombe wa babu yangu alikufa amesimama. Kuna watu hunibishia hapo hapo kabla sijafika mbali, wanasema ng'ombe hawezi kufa amesimama, lazima apige magoti kwanza. Mimi nilikuwepo. Alikuwa ameegemea ua wa boma, macho wazi, nyasi mdomoni, na dada yangu akamchapa fimbo mbili atoke njiani kabla hatujajua kwamba tunachapa mzoga. Nilikuwa darasa la tatu wakati huo. La nne sikulimaliza, lakini hiyo ni habari nyingine na haina utamu.

Babu aliamua palepale kwamba jirani ndiye aliyemtilia sumu. Walikuwa wakigombania mpaka, kigingi kilikuwa na tabia ya kuhama chenyewe, na jirani alikuwa amesikika akisema kwamba ng'ombe yule anamaliza mahindi yake. Basi akaitwa bwana wa mifugo kutoka mjini. Akaja na baiskeli, amevaa viatu vya mpira vya kufika magotini, na ilikuwa kiangazi. Akampasua ng'ombe. Akaangalia ini, akaangalia wengu, akanusa tumbo, kisha akaketi juu ya kinu cha nyanya yangu kilichopinduliwa, akaandika kwenye kitabu. Aliandika muda mrefu. Wazee walisimama wakimtazama vile watoto humtazama mtu anayekula.

Babu akamwuliza, "Bwana, ni sumu au si sumu?"

"Msile nyama hii," yule bwana akasema. "Jibu litakuja."

Akakifunga kitabu kwenye keria ya baiskeli kwa mpira, akaenda zake.

Nyama tuliila. Nani angeifukia nyama yote ile? Hakuna aliyekufa, isipokuwa mjomba mmoja aliyeumwa tumbo, naye alikuwa akiumwa tumbo kila penye nyama ya bure. Jibu halikuja. Babu na jirani hawakuamkiana tena mpaka babu akazikwa, na jirani hakuja matangani. Mimi kitu kilichonikaa kichwani si ng'ombe wala jirani. Ni kwamba jibu lilikuwepo. Lilikuwa limeandikwa, liko mjini, kwenye rafu fulani, panya wanalisoma, na babu anakufa bila kulijua.

Nasema hivi kwa sababu sisi watu wa ufuoni mwa ziwa tumeulizwa maswali sana. Sijui kama kuna watu duniani waliowahi kuulizwa maswali kutushinda. Wamekuja wa mbu, wakahesabu vyandarua. Wamekuja wa kichocho, wakataka mkojo wa watoto kwenye vikopo. Wamekuja wa kupima samaki kwa rula, wa kuuliza choo kiko wapi, wa kuuliza jana ulikula nini, na wewe jana hukula kitu lakini unasema ugali na samaki kwa sababu mgeni ni mgeni. Kuna mama mmoja kwetu alikuwa na stuli maalum ya watafiti. Haikuketiwa na mtu mwingine. Alikuwa akiipangusa akiona gari jeupe linashuka.

Halafu siku moja wakaja wa waliozama.

Alikuwa msichana mpole, ana simu kubwa kama sahani, anaita kila mzee Baba. Alinieleza kwamba wanataka kujua watu wa ziwa wanakufaje, ili wengine wasife. Nikaona ni jambo jema. Akanisomea karatasi: nikichoka niseme, nisipotaka swali niruke, na jina langu halitaandikwa popote. Hapo pa jina, niseme ukweli, paliniuma kidogo. Mimi nilitaka liandikwe.

Nikamsimulia juu ya ndugu yangu.

Ndugu yangu alinifuata tumboni mwa mama. Alikuwa mrefu kuliko mimi, sauti mbaya ya kuimba na hakujua, kanisani watu walikuwa wakimwachia ubeti mmoja kwa upendo. Alikuwa anavua na rafiki yake mmoja, mashua moja, wamekua pamoja. Siku hiyo walitoka alasiri kwenda kutazama nyavu. Mawingu yalikuwa yameanza kusimama upande wa Homa Bay. Nilikuwa ufuoni, nikamvulia koti langu zito la sufu, koti nililorithi kwa mjomba aliyefanya kazi relini, nikamwambia vaa, kutakuwa na baridi. Rafiki yake alikuwa anasukuma mashua, akanicheka, akasema, "Na mimi si mtoto wa mama yako? Koti langu liko wapi?" Tulikuwa watatu tu pale. Hilo la koti sikumwambia msichana wa maswali. Hakuuliza, na mimi silipendi kulisema.

Upepo uliwakuta mbali. Mashua ikapinduka, mawimbi yakaichukua wasiweze kuifikia. Kitu kilichobaki ni mtungi mmoja, ule mdogo wa plastiki, wa njano, wa mafuta ya kupikia, wa lita tano, tunaoutumia kama boya la nyavu. Mtungi mmoja, watu wawili. Asubuhi watu wa mashua za kubeba mchanga wakamwokota rafiki yake ameukumbatia, vidole vimekufa ganzi mpaka wakambandua kidole kimoja kimoja.

Ndugu yangu hatukumpata. Tulitembea ufuo mzima, tukaita, tukaangalia kwenye magugumaji. Ziwa likikataa kumrudisha mtu, sisi hatuachi boma bila kaburi. Tunachukua yago, lile tunda refu kama mkono wa mtu mzima, zito, linaloning'inia mtini kama limefungwa kamba. Tulilivisha shuka, tukalilaza kwenye jeneza, tukalililia kwa jina lake, tukalizika penye nafasi yake. Ukiinua jeneza la yago mara ya kwanza unadanganyika, unasema yumo.

Na rafiki yake ndiye aliyetueleza. Alipoweza kusimama alikuja nyumbani. Mama akaanguka akamshika miguu, akamwuliza, "Mwanangu alikwendaje?" Naye akasema kwamba waliushika mtungi wote wawili, ukawa hauwabebi, kila mara unazama nao. Ndugu yangu akamwambia, "Wewe una watoto. Mimi bado." Akaachilia mwenyewe.

Huwezi kujua maneno yale yalitufanya nini. Mama aliacha kulia kwa sauti. Mchungaji alihubiri juu yake, watu wa makanisa mengine wakaja kusikiliza. Kuanzia siku hiyo rafiki wa ndugu yangu akawa ndugu yangu. Mama alimwachia firigisi kila kuku akichinjwa, firigisi ambayo mimi, mtoto wa kwanza, nilikuwa nikiila tangu nipate meno. Alipopata mtoto wa kiume alimpa jina la marehemu, na mama alibeba kile kitoto mgongoni akizunguka nacho sokoni kama amezaa yeye. Mama alikufa akimbariki. Nilikuwepo, mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha yule mtu, si changu.

Na mimi nikaichukua hadithi. Mimi ni mtu wa kusimulia, kwenye matanga huniita, nikikaa hapo karibu na moto watu husogea. Hiyo ndiyo ilikuwa hadithi yangu bora. Niliinoa kwa miaka. Niliongeza mwezi, niliongeza ndege mweupe, nilijua pa kunyamaza. Nilimsimulia msichana wa maswali yote, mpaka nikamwimbia ule ubeti aliokuwa akiuharibu ndugu yangu kanisani. Alikuwa akitikisa kichwa polepole. Akanipa soda na kipande cha sabuni, akasema, "Ero kamano, asante, Baba, tutawaletea matokeo."

Hawakuleta. Sikushangaa, nilimkumbuka babu.

Sasa maktaba. Binti yangu ana kibanda cha samaki wa kuokwa pale soko la Kibuye mjini, na nilikuwa nikimletea mzigo, kisha nasubiri jua lipungue. Mahali pazuri pa kusubiri mjini ni maktaba. Kuna viti vyenye migongo, hakuna anayekuuliza unanunua nini, na kuna magazeti. Mimi nilikuwa nasoma ukurasa wa matangazo ya vifo, kwa sababu ya kazi yangu ile ya matanga. Aliyesimamia upande wa kompyuta alikuwa mama wa makamo, mtu wa upande wa Kakamega, miwani imefungwa kwa uzi shingoni.

Siku moja akaniambia, "Mzee, wewe kila ukija ni vifo tu. Walio hai hawakuhusu?"

"Walio hai watanitafuta wenyewe," nikamjibu. "Wafu lazima niwafuate."

Akacheka. Tukawa tunaongea. Nikamweleza habari ya ng'ombe wa babu, nikamweleza na hao wa maswali walioahidi matokeo. Akavua miwani, akasema, "Mzee, si lazima usubiri wakuletee. Wakimaliza huwa wanaandika, na wakiandika inawekwa mahali. Njoo uone."

Basi nikaona. Ndani ya kompyuta kuna maktaba nyingine, haina rafu, haina vumbi, na ni kubwa kuliko ile tuliyokuwa tumekaa ndani yake. Unaandika kitu unachotafuta, unabonyeza, zinakuja makala za watafiti zimepangana chini kama foleni ya maji mtaani Obunga. Zote Kizungu. Mimi Kizungu changu ni cha kusoma na kidole, neno moja, pumzika, neno moja. Nyingine zilikuwa na alama ya kufuli.

"Hizo za kufuli ni za nani?"

"Za wanaolipia kusoma."

"Na sisi tulioulizwa?"

"Nyinyi mlioulizwa, Mzee, nani alifikiri mtakuja?"

Lakini zilizofunguliwa zilikuwa tele, na nitakiri kwamba nilifurahi. Nilikwenda wiki baada ya wiki. Alinifundisha kwamba mwanzoni huwa kuna maneno machache yanayosema habari yote kwa ufupi, kwa hiyo mvivu anaweza kuishia hapo. Katikati ni meza za namba, hizo niliruka. Mwishoni wanashukuru watu, kisha wanataja makala za wenzao, fulani kasema, fulani kasema, kama wazee wakitajana kwenye harambee. Nilisoma ya magugumaji. Nilisoma ya omena, wale dagaa wetu, mtu amekaa miaka akichunguza kwamba omena hufuata taa. Nikamwambia yule mama kwamba hilo hata paka wangu analijua.

"Paka wako hajaandika," akasema.

Kitu kimoja nilikiona mapema. Majina ya walioandika yako juu kabisa, makubwa, watano, sita, na wanakofanya kazi. Majina ya walioulizwa hayapo. Wewe ni herufi na namba. Au wewe ni mwanamke, muuza samaki. Mwanamume, mzee. Nilikuwa nikitafuta yule mzee ambaye ni mimi. Nilimwambia yule mama waziwazi, nataka kuona maneno yangu yamekaaje kwa Kizungu kabla sijafa.

Tulimpata siku ambayo kulikuwa na mvua na watu wa kompyuta walikuwa wachache. Yeye ndiye aliyeandika maneno ya kutafutia, kuzama, wavuvi, ziwa letu, na tukafungua moja baada ya nyingine. Hii ni ya Uganda. Hii ni ya watoto. Hii ina kufuli. Ya nne au ya tano, akasogeza kiti, akasema, "Mzee, nyinyi kwenu huwa mnazika tunda?"

"Yago."

"Basi watu wenu wako hapa."

Kompyuta yenyewe inaweza kugeuza Kizungu kuwa Kiswahili lakini Kiswahili chake kilikuwa kama cha mtu aliyeanguka mtini, kwa hiyo alisoma kwa macho akanieleza kwa mdomo. Makala ilisema jinsi familia zinavyozungumza juu ya mtu aliyezama. Akafika mahali pana maneno ya mwanamume mzee, ndugu wa marehemu, wa ufuo uliopewa herufi badala ya jina. Huyo mzee alisema kwamba kulikuwa na chombo kimoja cha kuelea, na ndugu yake alikiachilia kwa hiari ili mwenzake mwenye watoto apone.

Nikapiga meza kwa kiganja. "Huyo ni mimi."

"Hongera, Mzee."

"Ndege mweupe wamemwandika?"

Akaangalia. "Ndege hayupo. Wamefupisha."

"Si neno. Endelea."

Akaendelea, nami nilikuwa nimekaa kama bwana harusi. Nikaona macho yake yamesimama. Yakarudi juu, yakashuka tena.

"Baba," akasema, na hakuwahi kuniita Baba, "tumalizie siku nyingine? Macho yamechoka."

"Macho yaliyosoma tangu asubuhi hayawezi kuchokea mstari mmoja," nikamwambia. "Soma."

Akasoma taratibu. Walioandika walisema kwamba mara nyingine familia huwa zimeambiwa jambo moja na aliyenusurika anajua lingine. Wakatoa mfano. Kutoka ufuo wa herufi ileile, mwanamume aliyeokolewa, ambaye mwenzake hakupatikana na familia ikazika tunda. Huyo alisema kwamba mtungi ulikuwa mdogo. Mwenzake alikuwa amevaa koti zito la kaka yake, na koti lilikuwa limenywa maji, na kila aliposhika mtungi wote wawili walikwenda chini. Alimwambia shika kitu kingine. Hapakuwa na kitu kingine. Akampiga teke la kifua. Mwenzake akarudi. Akampiga la pili, na mkono ukaachilia. Akasema aliendelea kumsikia kwa muda, akimwita kaka yake.

Kisha akasema kwamba mama wa marehemu alimshika miguu akimwuliza, na neno la kwanza lililomtoka ndilo hilo la kuachilia kwa hiari, na baada ya hapo hakukuwa na njia ya kulirudisha.

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilimwuliza yule mama kama wameandika ufuo ni upi.

"Wameweka herufi tu. Wanaficha ili mtu asijulikane."

"Na koti? Koti nalo wameliwekea herufi?"

"Hapana, Baba. Koti wameandika koti."

Nikamwomba anisomee tena pale pa koti. Akasoma. Halafu akaenda akaniletea chai kwenye kifuniko cha chupa yake, na nikainywa, ilikuwa na tangawizi.

Sasa nisikilize, kwa sababu watu huniambia, Mzee, samehe, mtu anayezama hana akili. Mimi ni mtu wa ziwa, nani atanifundisha hilo? Mtu anayezama humpiga teke hata aliyemzaa. Nimewahi kuvutwa chini na mtu niliyekwenda kumwokoa, na nilimwuma sikio, na ningelila. Teke nalielewa. Angekuja siku ileile akaniambia, nimempiga teke, ningemchukia mwaka, miaka miwili, kisha tungeketi. Huyu alikula firigisi. Alimwacha mama yangu amshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakikutokea. Nilimwuliza kwa mdomo wangu, wiki ileile ya yago, juu ya koti, kwa kuwa sikuwa nalala, na akaniambia, "Alilivua kwenye mashua, omera, ndugu yangu, hakuwa nalo majini, usijitese." Akanishika bega. Nililala siku hiyo. Nimelala miaka yote juu ya maneno hayo.

Na mimi akaniacha nizunguke matangani nikiuza uongo wake. Mara ngapi alikuwa amekaa palepale kwenye benchi nikisimulia, na nikifika pale pa kunyamaza, anainamisha kichwa? Watu walikuwa wakimpa maji ya kunywa.

Yule msichana naye. Nilikumbuka nikiwa njiani kurudi. Siku aliyokuja kwangu alikuwa anatokea nyumbani kwa yule rafiki wa ndugu yangu, amebeba embe alilopewa na mke wa yule rafiki. Kwa hiyo alikuwa ameshasikia. Aliketi mbele yangu anajua, nikamwimbia, akatikisa kichwa, akaandika vyote viwili akaviweka pamoja kwenye ukurasa mmoja. Alifanya kazi yake, najua. Aliahidi jina halitatoka na halikutoka. Lakini mtu mmoja duniani alikuwa na jibu langu mkononi akanipa sabuni.

Siku mbili sikutoka nyumbani. Ya tatu nikashuka ufuoni asubuhi, kwenye kile kibanda cha mabati ambapo tumekaa mimi na yule rafiki wa ndugu yangu tukishona nyavu tangu magoti yetu yakatae mashua. Alikuwa ameshatandaza wavu, ncha moja ameikaza kwa kidole gumba cha mguu.

"Omera," akasema, "tumekusahau sura. Wanasema siku hizi unasoma kompyuta mjini. Utatuletea digrii?"

"Inakuja."

"Ukipata kazi ya ofisi usituache na matundu haya. Shika huo upande."

Nikaketi, nikashika upande wangu, nikatia uzi kwenye sindano ya nyavu. Kazi hii ni ya watu wawili wanaotazamana, mmoja anavuta ili mwenzake aone tundu. Tulishona kidogo. Kulikuwa na mwanamke karibu anaanika omena, akigombana na kunguru.

"Wale watu wa maswali ya kuzama," nikasema. "Walikuja kwako pia, sivyo?"

"Walikuja kwa kila mtu. Hata kwa yule asiyejua kuogelea."

"Uliwaambia nini?"

"Yaleyale."

"Yapi?"

"Si unayajua wewe kuliko mimi? Wewe ndiye mwenye kuyasimulia."

"Hakuna kitu hujawahi kuniambia?"

Hapo alivuta uzi, akaukata kwa meno. Nilimpa nafasi. Mungu ni shahidi yangu nilimpa, mpaka mwanamke wa omena akamaliza karai zima. Nilikuwa tayari. Angeanza tu, angesema hata koti, neno moja tu la koti, mengine ningemalizia mimi.

"Kama kitu gani?" akasema. "Mimi nawe? Ndugu yangu, nimekwambia yote."

Kwa mgeni mwenye simu kubwa, asiyemjua, alisema, kwa sababu mgeni hataandika jina. Mimi ninayelijua jina lake, na la mtoto wake, na limetoka wapi, ananivutia wavu.

"Basi nisimulie tena," nikamwambia. "Kuna mahali nimeanza kusahau."

Akanicheka. "Wewe usahau? Uzee umefika."

"Nisimulie tu."

Akaanza. Sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku, mikono yake haikuacha kazi. Alasiri, mawingu, upepo, mashua ikapinduka. Mawimbi yakaichukua. Akasema, tukabaki na mtungi, na wote wawili tukaushika, naye akaniangalia.

Nikachomeka sindano kwenye wavu isipotee. Nikasimama.

"Unaenda wapi? Sijafika mwisho. Na upande wako bado una matundu."

"Nakuja," nikasema.

Nikampita mwanamke wa omena, akaniamkia, nikamwitikia. Nikapanda njia mpaka kwenye lami, na huko nikageukia mjini, kwa binti yangu. Sijarudi.